LUKU Ifike Ofisini

Ndugu msomaji, kama wewe ni bosi wa mahali fulani na jarida hili limekufikia kwa bahati mbaya, usilitupe. Vuta kiti. Sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na kompyuta yako, ile ya ghorofani, ambayo usiku huu ninapoandika inawaka peke yake, haina mtu mbele yake, inaonyesha viti vitupu picha ya mlima wenye theluji.

Utaniuliza nimejuaje. Nimeiona, nimeihesabu, na hesabu yenyewe nitakupa. Lakini kwanza twende nyumbani kwangu, maana huko ndiko nilikojifunzia kuhesabu.

Nyumba yetu ipo Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Wapangaji sita, choo kimoja, mita moja ya LUKU. Mita imefungwa ukutani karibu na mlango wa uani, na kila anayetoka kwenda kuoga lazima aitupie jicho. Ikifika uniti tano mama mwenye nyumba anapiga mbiu: "Jamani wanangu, michango!" Hapo ndipo kasheshe linapoanza. Nani kapiga pasi nguo za wiki nzima? Nani kachemsha maji kwa hita? Nani kalala redio inaimba? Mimi ndiye mshitakiwa wa kudumu, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika usiku.

"Wewe mwandishi," mama ananiambia, "hadithi zako zinatumalizia umeme."

"Mama, laptopu yangu haifiki hata nusu ya balbu ya zamani."

"Balbu ya zamani nilishaitoa. Wewe bado upo."

Basi nimejifunza. Ninaandika kwanza kwa kalamu, kisha ninawasha mashine kunakili, kisha ninazima. Sifanyi hivyo kwa sababu mimi ni mtu mwema sana. Ninafanya kwa sababu mita ipo ukutani, tarakimu zinashuka mbele ya macho yangu, na mchango ni wangu. Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo! Falsafa nzima ipo katika maneno yale manne. Shida ni kwamba falsafa hiyo ikifika mlangoni pa ofisi inavua viatu na kubaki nje.

ARUBAINI ZISIZOLALA

Mwaka 2025, kuanzia Juni hadi Agosti, nilikuwa fildi katika ofisi moja ya mjini hapa. Sitaitaja. Wala sitasema kama ni ya serikali, ya shirika au ya mtu binafsi, kwa sababu nikiitaja hiyo moja, nyingine zote zitacheka na kujiona safi. Ijumaa moja nilisahau flashi yangu yenye hadithi ninayoiandika, nikarudi kuifuata saa mbili za usiku. Mlinzi, mzee wa Kigogo aliyejifunika koti zito, akanifungulia geti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbukwa. Kazi gani hii ya kufuatwa usiku?"

Tukapanda wote. Taa za korido zilikuwa zimezimwa, maana hiyo ndiyo kazi yake. Lakini kwenye ukumbi wa ofisi, lo! Kulikuwa na mwanga wa bluu kama chini ya bahari. Kompyuta safu kwa safu zinawaka, na kwenye kila kioo picha zinachezacheza.

"Mzee, hizi mbona hazizimwi?"

"Mimi nimeambiwa nizime taa. Mashine nisiguse. Eti zinafikiri."

"Zinafikiri nini usiku kucha?"

"Labda mshahara wangu," akasema mzee, wala hakucheka.

Nikazihesabu. Arubaini kamili.

Jumatatu nikaazima kwa rafiki yangu, fundi redio pale Majengo, kijimita cha kuchomeka kwenye soketi. Nikapima kompyuta yangu ya mezani pamoja na kioo chake, ikiwa inawaka tu bila kazi: wati 60, inapanda kidogo, inashuka kidogo. Nikaiamuru ilale, ule usingizi unaopatikana kwa kubonyeza mara mbili tatu: wati mbili. Sitini kwa mbili, ndugu msomaji, na asubuhi ukiigusa inaamka na kazi zako zote ziko palepale ulipoziacha.

Sasa chukua kalamu. Ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni, inafunguliwa saa mbili asubuhi. Hizo ni saa 15. Wati 60 kwa saa 15 ni uniti 0.9. Yaani kila kompyuta inakula karibu uniti moja kila usiku bila kumfanyia binadamu jambo lolote. Arubaini zinakula uniti 36. Wikiendi, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, ni saa 63, na hapo arubaini zile zinakunywa uniti 151.

Wenye mita nyumbani mnaijua hesabu ya uniti 75. Familia iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lile la D1, haitakiwi kuvuka uniti 75 kwa mwezi ili ibaki kwenye bei nafuu. Mama analizunguka friji kama mwizi, watoto wanafukuzwa mbele ya televisheni, yote kwa ajili ya hizo 75. Na wikiendi moja ya viti vitupu inakula miezi miwili ya familia hiyo! Kwa mwezi wa wiki nne, usiku na wikiendi, ofisi ile moja ilikuwa inateketeza zaidi ya uniti 1,100. Hizo ni nyumba 15 za uniti 75.

Wala msinidanganye na picha ya kuchezacheza. Enzi za monita za kichogo picha ile ilikuwa na kazi yake, kuzuia maandishi yasikae sehemu moja yakaacha alama kwenye kioo. Kuokoa umeme haikuwa kazi yake hata siku moja. Kinachookoa ni kulala, na ujuzi huo ni wa zamani kuliko mimi. Mwaka 1992 Marekani walianzisha alama ya Energy Star, na bidhaa za kwanza kabisa kuibandikwa zilikuwa kompyuta na monita zinazojua kulala zisipoguswa. Miaka zaidi ya thelathini! Mashine zetu zinajua kulala. Waliozikataza ni sisi. Mtu wa IT aliniambia kinagaubaga kwamba aliuondoa usingizi kwenye mashine zote kwa sababu wakubwa walilalamika kwamba asubuhi wanangoja sekunde kumi.

ETI UMEME UPO WA KUMWAGA

Nilimpelekea mkubwa wangu wa kitengo karatasi yenye hesabu hizo. Hakuwa mtu mbaya. Aliisoma yote, akavua miwani, akasema: "Kijana, hesabu nzuri. Lakini siku hizi umeme upo wa kumwaga. Bwawa la Nyerere limekamilika. Ya nini kubanana?"

Jamani, hoja hii naomba niikabe shingo hapa hapa, maana nimeisikia hadi kijiweni.

Ni kweli bwawa limekamilika. Lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na kufikia Aprili 2025 mashine zake zote tisa zilikuwa tayari, megawati 2,115. Nami nilifurahi kama Mtanzania mwingine yeyote. Lakini mimi naukumbuka mgao wa 2011, nilivyosoma kwa koroboi hadi pua ikawa nyeusi. Naikumbuka Oktoba 2015, TANESCO ilipotangaza kuzima mitambo yake ya maji kwa sababu ya ukame. Naukumbuka mgao uliorudi mwishoni mwa 2023. Mtu mwenye kumbukumbu hizo hawezi kutamka neno "kumwaga" mdomo wazi.

Hebu twende Mtera, kusini mwetu hapa, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Kina cha maji kikishuka hadi mita 690 juu ya usawa wa bahari, mitambo yake ya megawati 80 inasimama. Maji yakitoka Mtera yanateremka hadi Kidatu, yanazungusha mitambo ya megawati 204. Yakitoka Kidatu yanafuata Ruaha Mkuu hadi Rufiji, na huko ndiko liliko bwawa hilo hilo tunaloambiwa ni la kumwaga. Maji yale yale yanafanya kazi mara tatu. Na mto wenyewe umechoka: tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi. Anayewasha kompyuta 40 kwa ajili ya viti anautumia mto huo.

Halafu umeme si mtama useme utauweka ghalani. Unasafiri kwenye nyaya, na njiani unapungua. Machi 2025, bwawa likiwa mbioni kukamilika, Rais Samia alieleza kwamba mikoa ya kaskazini italetewa umeme wa kununua kutoka Ethiopia kupitia Kenya, kwa sababu umeme wa kutoka huku unapotea mwingi kabla haujafika. Taifa linalonunua umeme kwa jirani halina umeme wa kumwaga. Lina umeme wa kupanga.

Wala msinielewe vibaya kwamba nachukia matumizi. Treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 nilisimama stesheni nikashangilia. Inakula umeme mwingi, ndiyo, lakini inabeba watu. Kompyuta ya saa nane za usiku inabeba nini?

BARIDI JUU YA BARIDI

Ndani ya ofisi ile kulikuwa na chumba cha seva. Kwa asiyejua, seva ni zile kompyuta kubwa zinazotunza mafaili ya wote, na hizo kweli hazilali, nami sidai zilale. Ninachodai ni kuhusu chumba chenyewe. Kilikuwa na viyoyozi viwili, usiku na mchana, rimoti imeandikwa 16. Nikamwuliza fundi kwa nini 16. Akajibu: "Ndivyo nilivyoikuta."

Ndivyo nilivyoikuta! Hiyo ndiyo sayansi yetu.

Chama cha Marekani cha wahandisi wa joto na ubaridi, ASHRAE, ambacho vipimo vyake hufuatwa duniani kote, kinashauri hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Kwa hiyo 16 iko chini hata ya mstari wa chini. Tunazitetemesha mashine ambazo hazikuomba kutetemeshwa. Na hii ni Dodoma, ndugu zangu, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai mlinzi wetu nje amejikunja ndani ya koti, meno yanagongana, na ukuta mmoja tu unamtenganisha na viyoyozi viwili vinavyotoa jasho kutengeneza baridi ileile iliyojaa uani bure.

Fundi akanikatiza: "Ukifungua dirisha, vumbi la Dodoma litaua mashine." Sawa kabisa. Vumbi letu nalijua, nimelila. Lakini dunia ilishavumbua vichujio na feni. Kule Luleå, kaskazini mwa Sweden, kituo cha data cha Facebook kilichofunguliwa 2013 kinapoozwa kwa hewa ya nje. Sisi si Sweden, na mchana wa Novemba hapa utosi unachemka. Hata hivyo usiku wa Juni tunao, na hatujautumia hata mmoja.

Wazee wa nchi hii walikuwa na akili ya hali ya hewa. Tembe la Kigogo lilijengwa fupi, kuta nene za miti na udongo, paa bapa la udongo. Jua la saa nane halikuwahi kuingia upesi, na baridi ya alfajiri nayo ilichelewa. Sisemi tuhamishie seva kwenye tembe, msije mkanicheka. Nasema aliyejenga tembe alijiuliza kwanza kuhusu jua na upepo wa mahali hapa. Sisi tunajenga sanduku la vioo, tunaligeuzia magharibi, halafu tunamwita muuza viyoyozi.

WINGU LISILONYESHA

Najua kuna washikaji wanatabasamu: "Mambo ya seva yamepitwa, siku hizi kila kitu kipo kwenye wingu." Waulizeni Wagogo kuhusu mawingu. Watu wa nchi kame wanajua lipo wingu la mvua na lipo wingu la kupita. Hili la kompyuta si lolote kati ya hayo. Ni jengo. Lina seva maelfu kwa maelfu, nyaya, majenereta na viyoyozi, na linakula umeme saa 24. Kulihamisha faili wingunini ni kulihamishia kwenye mita ya mtu mwingine.

Na mita hizo zinatisha. Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba mwaka 2024 vituo vya data vya dunia vilikula uniti bilioni 415, kama asilimia moja na nusu ya umeme wote wa dunia, na kwamba kufikia 2030 vinaweza kula bilioni 945. Bwawa la Nyerere linatarajiwa kutoa uniti kama bilioni 5.9 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe. Dunia inahitaji mabwawa 70 kama letu, si kwa viwanda, si kwa hospitali, bali kwa vituo vya data peke yake.

Lakini humo humo kuna funzo. Kwa wastani wa dunia, kila uniti inayofika kwenye mashine za kituo cha data husindikizwa na nusu uniti na ushee ya kupoozea na mengineyo. Google wameishusha sindikizo hiyo hadi kama sehemu moja ya kumi. Je, ni watakatifu? La hasha. Wanapima saa zote, na bili ni yao. Ni ileile falsafa ya ukutani kwetu Chang'ombe.

STOO

Oktoba nilirudi kuchukua barua yangu ya kumaliza fildi. Nikatumwa stoo kuleta karatasi za printa. Kufungua mlango nikakuta makaburi. Monita za kichogo, printa zilizovunjika meno, kompyuta zilizorundikwa hadi dirishani, zinasubiri kamati ya kuzifuta kwenye daftari la mali. Kamati haikai. Na juu kabisa ya rundo, mashine tisa safi, hazina hata mkwaruzo.

"Hizi nazo zina nini?"

"Zimepitwa."

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za umri ule hazikubaliwi na toleo jipya. Basi kompyuta iliyokuwa nzima Jumatatu ikawa mzoga Jumatano, bila kuugua! Hapo hatuzungumzii umeme wa kuiwasha tu. Umeme wa kuitengeneza kiwandani, maji yaliyotumika, madini yaliyochimbwa, vyote vilishaliwa. Ukiitupa na kununua nyingine umekula mara mbili.

Dunia nzima mwaka 2022 ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Zilizobaki tunazijua zinakokwenda. Vijana wa vyuma chakavu, rika letu hilo hilo, wanachoma nyaya ili wapate kopa, na moshi ule wanauvuta wao. Monita ya kichogo ina risasi ndani ya kioo chake. Hiyo haiozi, ikivunjwa jalalani inabaki kwenye udongo, na mji huu unakunywa maji ya visima.

Hizo tisa zingeweza kupona. Zilihitaji Linux, ambayo ni bure, na labda kuongezewa kumbukumbu. Msiniambie ni mambo ya Wazungu: mwaka 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wataalamu wetu waliitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kundi letu la waandishi linatumia mashine ya namna hiyo, tuliyoinunua kwa bei ya chupa za soda kutoka kwa fundi. Kurasa hizi unazosoma zimepangwa humo. Kama herufi hii imetokea, mzoga unafanya kazi.

NA SISI JE?

Ningekuwa mnafiki kama ningewachapa mabosi tu nikawaacha waandishi wenzangu. Hebu tujitazame. Nani kati yetu hana riwaya moja iliyohifadhiwa mara kumi na saba, "riwaya mwisho", "riwaya mwisho kabisa", "riwaya mwisho wallahi"? Nani hajachapisha kurasa tisini kwenye printa ya mjomba ofisini ili asahihishe mkato mmoja? Na siku hizi kuna ugonjwa mpya: mshikaji anaiamuru mashine imtungie shairi, halipendi, anaiamuru tena, mara ishirini, kila mara seva za mbali zinachemka, na mwisho anatuletea shairi ambalo hata yeye hajalisoma lote. Huo ni usanii, tena ule wa kijiweni. Ufukara wetu unatufundisha kubana maneno. Tungebana na umeme basi.

NINACHODAI

Sidai kompyuta zipigwe marufuku. Tulishajaribu. Kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Baadaye ilibidi kulegeza, na tulikuwa tumeachwa nyuma na wenzetu. Tulitoka kununua bila kupima, tukaenda kukataa bila kupima, sasa tumerudi kununua bila kupima. Kipimo ndicho ambacho hatujawahi kukijaribu.

Kwa hiyo dai langu la kwanza na kubwa ni mita. Kila ghorofa ya kila ofisi iwe na mita yake, na mita isifungiwe kwenye chumba chenye kufuli ambacho mhasibu pekee ndiye mwenye ufunguo. Iwekwe karibu na mlango, pale watu wanaposaini mahudhurio, tarakimu zionekane zikishuka. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Umeme wa ofisi unaisha bila habari kwa sababu anayebonyeza swichi haoni bili, na anayeiona bili hayuko karibu na swichi.

Pili, mtu wa IT azirudishie mashine usingizi wao: dakika kumi bila kuguswa, zilale. Mkubwa asiyeweza kungoja sekunde kumi asubuhi aseme ni nini alichokuwa anawahi. Tatu, rimoti ya chumba cha seva itolewe 16, iwekwe 24 au 25, na chujio linunuliwe kwa ajili ya usiku wa baridi. Nne, anayenunua mashine aulize inakula wati ngapi kabla ya kuuliza rangi, na anayetaka kuitupa athibitishe kwanza kwamba fundi kaitazama ikashindikana.

Mtaniambia Watanzania hawabadiliki. Tarehe 1 Juni 2019 tuliamka mifuko ya plastiki ikiwa marufuku, na wale wale waliosema haiwezekani walikuwa sokoni na vikapu. Na hili ninalolidai ni dogo kuliko hilo. Hakuna anayenyang'anywa kitu. Ni kitufe.

Mzee mlinzi, nimesikia, bado anazima taa za korido kila jioni, na mashine bado ameambiwa asiguse. Mtu pekee katika jengo lile anayezima kitu ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Hilo linanikera kuliko uniti zenyewe.

Basi wewe unayesoma, uwe karani, uwe fildi, uwe katibu muhtasi, Ijumaa hii usitoke haraka. Wenzako wakishaondoka, simama katikati ya ukumbi, hesabu zinazowaka. Zidisha idadi hiyo kwa 3.8, ambazo ni uniti za wikiendi kwa mashine moja kama niliyoipima. Andika jibu kwenye karatasi, libandike kwenye mlango wa bosi, jina lako usiliweke. Halafu tuletee namba hiyo hapa jaridani. Sisi tutaichapa, toleo baada ya toleo, bila kutaja ofisi, hadi aone haya anayejijua.